Kikombe cha Radenko

Sipendi harufu ya mavi. Nalisema mapema kwa sababu watu wa Valjevo wanadhani nimeshaizoea. Mwaka mmoja na miezi mitatu sasa nazibua vyoo vya mji huu, na kila nikifunua mfuniko wa chemba moyo unanichafuka kama siku ya kwanza. Mafuta ya kukaangia yaliyoganda, nywele, vile vitambaa vya unyevunyevu vya kufutia watoto, na ule uji wa kijivu unaochemka polepole wenyewe. Ptuu! Lakini uchafu ulionitia kinyaa kuliko wote niliukuta ofisini, nimevaa tai na nimejipulizia manukato.

Jina langu Svetislav, nina miaka hamsini na mbili. Miaka ishirini na sita nilifanya kazi katika ofisi ya bima, tisa ya mwisho nikiwa mkuu wa idara ya madai. Mto ulipofurika, nyumba za bondeni zilijaa maji machafu mpaka usawa wa madirisha, na wenyewe wakaleta fomu zao. Makao makuu wakatuma agizo: maji yaliyopanda kwenye bomba la choo si mafuriko, mafuriko ni yale yanayoingia mlangoni. Basi nikakaa na kuandika. Mpendwa mteja, tunasikitika, maji yako yalipitia chooni. Niliandika barua arobaini na moja na kuzisaini zote kwa kalamu nzuri niliyozawadiwa na ofisi.

Ya arobaini na mbili ilinishinda. Nikaenda kuiona nyumba mwenyewe. Nikamkuta bibi kizee, choo chake kimetapika tena, amesimama juu ya kiti cha jikoni, amebeba paka, na chini yake shemeji yangu Radenko, kaka wa mke wangu, amezama katika kinyesi mpaka magotini, anasukuma waya ndani ya bomba.

"Shemeji," akaniambia, kana kwamba tumekutana sokoni, "nishikie tochi hiyo, inaniteleza."

Nikamshikia. Viatu vyangu vya ofisini viliharibika siku hiyohiyo. Bibi yule alinishukuru, akanibusu mkono, akidhani mimi ni msaidizi wa fundi, na mfukoni mwangu nilikuwa na barua yake ya kukataliwa. Jamani, nilijionea kinyaa! Wiki iliyofuata nikaacha kazi, nikamwomba Radenko aniingize kwenye gari lake la kunyonya majitaka.

Sasa nieleze la Radenko, maana lisipoelezwa mtaniona malaika. Kwa miaka ishirini na mbili, kila alipokuja kwangu nilifungua dirisha, hata kukiwa na theluji. Nilimketisha kwenye kiti cha karibu na mlango. Na alikuwa na kikombe chake, cheupe chenye mstari wa buluu, kinakaa chini ya sinki pamoja na sabuni za kusugulia sakafu. Verica, mke wangu, alikiosha mbali na vyombo vingine, kwa sifongo ya peke yake. Hakupenda, ni kaka yake wa tumbo moja, lakini mimi ndiye niliyeagiza, na enzi hizo nikiagiza sikuulizwa. Nilidhani Radenko hajui.

Nilipoacha ofisi, watu waliniacha mmoja mmoja. Wa kwanza walikuwa wale wa kunywa nao kahawa. Jirani wa ghorofa ya juu akaanza kupanda ngazi badala ya lifti akiniona nimesimama pale. Niliwaacha waende zao. Mmoja tu ndiye niliyemng'ang'ania moyoni: Tihomir, mhasibu wa ofisi yetu. Huyu ndiye aliyenisimamia ndoa, ndiye aliyembeba binti yangu siku ya ubatizo. Kwetu mtu wa namna hiyo ni zaidi ya ndugu wa damu, humwiti mwenzio kwa jina tena, ni "swahiba" mpaka kaburini.

"Swahiba, umelogwa?" aliniuliza siku ile. "Mtu mzima na akili zako unakimbilia mavini?"

"Mavini ndiko nilikokuwa, swahiba. Sasa angalau nitavaa buti."

Hakucheka.

Basi ikafika tarehe kumi na tisa Desemba, Mtakatifu Nikola, mtakatifu wa ukoo wetu, sikukuu ya nyumbani tunayoiita slava. Nusu ya mji ina slava siku hiyo na nusu nyingine huzunguka kuila. Mgeni haalikwi. Anaijua siku, anakuja mwenyewe, na mwenye nyumba hatoki nje mshumaa ukiwaka, kwa sababu anayekuja lazima amkute. Kila mwaka walikuja watu wanane wa ofisini. Na kila mwaka, miaka ishirini na mbili, mkate wa slava niliugeuza mimi na Tihomir. Mnaushika pamoja, mnauzungusha, mnauvunja katikati, mnabusiana. Huwezi kuufanya peke yako.

Nikajiambia: akija swahiba kuugeuza mkate huu na mimi, basi mimi bado ni mtu. Wale wengine wote na wapotelee mbali.

Saa tatu asubuhi simu ikalia.

"Swahiba, heri ya slava," akasema Tihomir kwa sauti ya mgonjwa. "Mgongo umenikamata. Hata soksi nimevalishwa."

"Pole sana. Ukipata nafuu njoo hata jioni. Mkate sitauvunja."

"Vunja tu, usinisubiri."

"Nakusubiri, swahiba. Hata kama utakuja kwa magongo."

Akasema, "Haya," akakata.

Verica alikuwa ameandaa meza ya watu kumi na wawili. Siku hiyo iko ndani ya mfungo wa kabla ya Krismasi, hakuna nyama: samaki wa kukaanga, samaki wa kuoka, maharage ya tanurini, kabichi iliyofungiwa wali na njugu. Katikati mkate, mshumaa, na bakuli la ngano tamu. Ikafika saa sita. Ikafika saa saba. Aliyekuja ni Radenko peke yake, amenyoa, amevaa shati jeupe lililokunjika mikunjo ya dukani. Viti kumi na moja vitupu, naye akaenda kuketi palepale pake, karibu na mlango. Wala sikumwambia asogee. Nilikuwa nasikiliza lifti.

"Samaki mtamu huyu, Verica," akasema Radenko.

"Kula, kaka. Kuna wa watu kumi na wawili."

Simu ya Radenko ikaita. Akasikiliza, akajibu "Mh" mara tatu, akafunika simu kwa kiganja.

"Nyumba mpya kule kilimani. Choo cha chini kinatapika, wageni wamejaa, mama mwenye nyumba analia. Kijana wangu kaenda kijijini kwao. Nitakwenda peke yangu."

"Peke yako utashika pampu au mpira?" nikamuuliza. Nikasimama.

"Svetislav!" Verica akaruka. "Mshumaa unawaka! Mwenye nyumba anatoka siku ya slava? Mgeni akija atamkuta nani?"

"Mgeni gani, Verica? Nionyeshe mmoja!"

Nilimpigia kelele mke wangu mbele ya picha ya mtakatifu. Halafu nikavaa buti nikashuka.

Kilimani tulikuta nyumba nyeupe, geti la umeme, na magari saba yameegeshwa kwenye theluji. Nikaliona la tatu kutoka mwisho. Jekundu, taa ya nyuma imefungwa kwa karatasi ya gundi. Taa hiyo niliifunga mimi kwa mikono yangu kiangazi cha mwaka huo. Gari la Tihomir.

Nikajiongopea hapohapo: labda mkewe kaliazima, labda amemleta mtu. Loo, mtu akitaka kudanganywa hakosi la kujiambia.

Akatoka mwenye nyumba, kitambaa cha mezani bado kimening'inia kifuani. Ognjen! Kijana wa miaka thelathini na sita niliyemfundisha mimi mwenyewe kujaza fomu, ambaye sasa anakalia kiti changu. Kumbe naye mtakatifu wake ni Nikola. Zamani slava yao aliifanya baba yake kijijini. Mwaka huu kajenga, na bosi mpya akifanya slava, nani atakosa?

"Fundi, mzunguke huku nyuma, msipite ndani, kuna zulia." Halafu akaniona usoni. "Mungu wangu! Bosi Svetislav?"

"Bosi sasa ni wewe. Mimi ni fundi. Chemba iko wapi?"

Chemba ilikuwa nyuma, chini kabisa ya dirisha la sebule. Radenko akaenda kwenye gari kuwasha pampu, mimi nikatia nondo nikafunua mfuniko. Ilijaa mpaka juu. Mafuta ya samaki ya asubuhi yalikuwa yameganda manjano, mazito, yamekamata nywele na vitambaa na maganda ya vitunguu, na kila mtu aliyevuta maji huko ndani aliniletea zawadi yake mpya. Nikapiga magoti, nikaingiza mkono mpaka begani kutafuta mdomo wa bomba. Glavu ina mwisho wake. Kitu cha uvuguvugu kikanimiminikia ndani ya glavu. Nikageuza uso nisitapike, na nilipougeuza nikajikuta natazama dirishani.

Wote wanane walikuwepo. Wamekaa meza moja, wamekunjua mikono ya mashati, wanakula. Na swahiba wangu katikati yao, mgongo umenyooka kama rula, anatoa miiba ya samaki kwa vidole na kulamba kimoja kimoja. Mimi nimezama mkono katika uchafu wao, lakini nawaambieni, kile kidole chenye mafuta ndicho kilichonipandisha nyongo.

Tihomir akainua macho. Akaniona. Kidole kikabaki mdomoni.

Nikarudi kwenye bomba. Nikachomoa kitambaa, nikachomoa kingine, nikachomoa rundo zima kubwa kama kichwa cha kondoo. Maji yakashuka kwa kishindo. Radenko akaingiza mpira, tukavuta.

Dirisha la jikoni likafunguka, mama mwenye nyumba, Tijana, akatutolea kahawa huku amegeuza shingo. Vikombe vya plastiki.

"Msivirudishe," akasema. "Mkimaliza tupeni hukohuko." Akafunga dirisha kabla sijajibu.

Kwetu fundi hupewa kahawa katika kikombe cha nyumbani, na kagilasi ka rakija, pombe kali ya matunda, pembeni, awe kaja kurekebisha saa au choo. Na siku ya slava, yeyote aliyekanyaga uwanja wako, hata mpita njia, unampa kijiko cha ngano kabla ya neno lolote. Tijana kalelewa hapahapa, anayajua yote hayo. Nikakikunjakunja kile kikombe, kahawa ikamwagika kwenye theluji.

Radenko alikuwa anakunywa yake taratibu.

"Hata hukasiriki wewe?" nikamfokea. "Umepewa kikombe cha kutupa kama mwenye upele!"

"Mimi nikasirike kwa kikombe?" Akanitazama, akaendelea kunitazama mpaka nikashindwa pa kuweka macho. "Shemeji, mimi hasira za vikombe nilizimaliza zamani."

Alijua. Miaka yote ile alikuwa anajua. Nilisimama pale, nguo zimeloa mavi ya watu wanane, na harufu iliyonikera ilikuwa yangu mwenyewe.

Mlango wa nyuma ukalia. Tihomir akatoka, koti begani, leso puani. Akasimama mbali, hatua tano hivi.

"Swahiba," akasema ndani ya leso. "Usinielewe vibaya."

"Mgongo umepona?"

"Ognjen sasa ndiye anayepanga nani abaki, nani apunguzwe. Nimebakiza miaka minne nistaafu. Ningefanyaje?" Akatazama nyuma, akashusha sauti. "Na namba yenu ni mimi niliyewapa. Nilitaka mpate kazi."

"Namba ulitoa wewe?"

"Nilijua atakuja Radenko tu. Nilijua leo wewe hutoki. Wewe na slava yako! Mshumaa unawaka, mwenye nyumba yuko nyumbani, anamsubiri mgeni."

Hebu sikieni hesabu ya mhasibu huyo. Aliujua uaminifu wangu, akaupigia hesabu, akajificha nyuma yake akala samaki.

"Nilikuwa nakusubiri kweli, swahiba," nikamwambia. "Rudi ndani, samaki anapoa."

Ognjen akatokea mlangoni na pochi. "Fundi, eeh, bosi, samahani. Zulia la mbele ya choo limeharibika kabisa. Wewe ndiye mjuzi. Hii si naweza kuidai bima kama mafuriko?"

Sijui kama Mtakatifu Nikola hufanya mizaha, lakini siku hiyo alinifanyia mmoja.

"Maji yaliingia mlangoni?" nikamuuliza.

"Hapana, yalipanda chooni."

"Basi tunasikitika, mpendwa mteja."

Nililisema kwa sauti ya kufika mezani. Radenko akachukua malipo, akaenda kwenye gari, akapiga honi.

Nyumbani nilioga mara mbili, nikajisugua mpaka ngozi ikawaka. Verica alikuwa ameketi peke yake mbele ya mshumaa, hajala. Sikumficha kitu, nilimwambia gari lilikuwa la nani. Hakulia. Alisema tu, "Na mkate?"

Radenko alikuwa ameshaoga kwake, amerudi kitini pake. "Radenko," nikaita, "hama hapo mlangoni. Njoo huku."

Akaja, akasimama kando ya kiti cha Tihomir, hakukikalia.

"Geuza mkate na mimi."

"Umenawa vizuri?" akaniuliza Radenko. "Mimi sili mkate uliokamatwa na mtu wa vyooni."

Verica akacheka mpaka akajifunika uso kwa aproni. Tukaushika, tukauzungusha, tukauvunja. Tukabusiana mara tatu. Alinuka sabuni, ile ya bei rahisi ya kufulia, na nikakumbuka kwamba siku zote, kila alipokuja kwangu, alinuka sabuni hiyo. Dirisha nilifungulia nini basi?

Nikamwambia Verica atoe vikombe vya harusi, vyenye ukingo wa dhahabu. Akammiminia Radenko kahawa, naye akakitazama kikombe kile, akakiacha kipoe.

Kengele ya mlango ikalia.

Alikuwa Tihomir, na chupa ya rakija mkononi. Siku ya slava hakuna anayefukuzwa, hata adui. Nikamfungulia.

"Heri ya slava, mwenye nyumba," akasema, akanibusu mara tatu. Na mara zote tatu alikuwa amebana pumzi, nilimsikia kifua kimesimama. Nilikuwa nimeoga mara mbili!

"Mkate umeshavunjwa, swahiba," nikamwambia.

Akatazama mezani, akaona nusu moja mbele ya Radenko. Akaketi kwenye kiti kile cha mlangoni, hakuna aliyemwonyesha.

Nikaenda jikoni. Nikainama, nikapapasa chini ya sinki, nyuma ya sabuni za sakafu, nikakitoa kikombe chenye mstari wa buluu. Nikakijaza kahawa nikakileta, nikakiweka mbele ya Tihomir taratibu. Verica alikiona akashika mdomo. Tihomir hakujua chochote, akanyoosha mkono.

Radenko akamwahi. Akakivuta kikombe upande wake, na kile cha dhahabu, ambacho hakukigusa kwa mdomo, akakisukuma mbele ya mgeni.

"Hiki changu," akasema. "Huyu ni mgeni, mpe cha wageni."

Akanywa mpaka akaona machicha ya kahawa. Mimi nikasema nakwenda kuleta sukari, nikakaa jikoni muda mrefu, na sukari ilikuwa mezani.